Mrejesho: programu yangu ya drafti imeanza kukaba
Wakuu, niliwauliza kwanini programu yangu ya drafti, ile inayojiboresha kizazi baada ya kizazi, imegoma kupanda kiwango, mkuu mmoja akanishauri nitumie pointi walizotumia watafiti Chellapilla na Fogel kwenye Blondie24, programu yao ya drafti iliyojifunza yenyewe, yani ushindi +1, sare 0, kufungwa -2. Aisee imekubali! Hiyo -2 ndo dawa yenyewe, wachezaji (yani matoleo ya programu yanayoshindanishwa) wanaogawa kete hovyo wanakufa mapema, wanaobaki ndo wanazaa watoto wenye mabadiliko madogo madogo, na sijaifundisha mbinu hata moja. Jana kijiweni Area D imebanana na wazee wa vizibo mpaka sare. Shida iliyobaki ni kingi, wa drafti yetu ya kibongo anatembea mbali, kwahiyo mwisho wa gemu programu inapotea kabisa. Niongeze kina cha kutafuta (yani hatua ngapi mbele inaziangalia) au vizazi?