Mdogo wangu kafungwa kwa kukosa faini, naombeni ushauri

Mwanamwalo: Wakuu habarini, nipo Igombe hapa Mwanza. Mdogo wangu kakamatwa ziwani na nyavu haramu za timba, mahakama ikampiga faini milioni mbili au jela miaka miwili, hela haikuwepo akapandishwa karandinga naangalia, akanirushia viatu vyake, vipo chini ya kitanda changu mpaka leo. Nasikia mtu akikosa faini kifungo hakizidi miezi sita, kweli?

Mama Sangara: Pole baba. Mume wangu alikaa wiki tatu kwa faini, siku aliyotoka mtoto alimkimbia hamjui. Timba zinamaliza ziwa jamani acheni!

Kijana wa Sheria: Ukomo upo, kifungu cha 29 cha Kanuni ya Adhabu kina jedwali la faini na kifungo chake, ila linatumika pale sheria husika ikiwa kimya. Ya kwako ni Sheria ya Uvuvi ya 2003, soma hukumu kwanza. Wakenya jedwali lao linaishia miezi 12 faini ikizidi elfu 50 ya kwao.

Nyakato Boy: Marekani 1970 kesi ya Williams na jimbo la Illinois, jamaa alipewa mwaka mmoja na faini dola 500 na gharama 5, hana kitu, angekaa siku 101 zaidi ya mwaka. Mahakama ya Juu yao ikakataa, umaskini usimzidishie mtu kifungo kupita ukomo wa kosa lenyewe.

Kijana wa Sheria: Safi mkuu, ila hiyo haimfungi hakimu wa huku.

Mzee wa Kirumba: Uzi wa kutunga huu. Mwezi uliopita si wewe ulikuwa unauliza bei ya mashine ya boti ya farasi 15, una milioni mbili na nusu mkononi? Leo huna faini?

Mama Sangara: Eh! Jibu baba.

Mwanamwalo: Sijatunga mzee wangu. Hela ipo. Na nyavu ni zangu, mimi ndiye tajiri wake, yeye kaingia ziwani kwa kunitii. Nikaona akikaa miezi sita nanunua mashine, nakuja kumlipa vizuri, familia zote mbili zinakula hapo, bila mashine tunakula nini?

Mzee wa Kirumba: Mwenzio anakula nini huko?

Kijana wa Sheria: Hiyo sita hakuna aliyekuthibitishia. Faini ikilipwa hata leo kifungo kinakoma hapo hapo, ukilipa sehemu siku zinapungua kwa kiasi hicho. Kama unataka rufaa, notisi ni ndani ya siku 10. Ni lini alihukumiwa?

Mwanamwalo: Leo siku ya nane.

Kijana wa Sheria: Kesho asubuhi nenda kwa karani wa mahakama akupe kontroo namba ya kulipia, usimpe mtu hela mkononi. Na risiti uipeleke gerezani mwenyewe.

Mwanamwalo: Sawa. Nabeba na viatu.