Tuache Acol twende Precision? Naombeni ushauri kabla ya mashindano ya klabu

Binti_Malindi:

Wakuu salaam, na shikamoo kwa wakubwa wote.

Nacheza briji, ule mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, na shangazi yangu hapa Nairobi. Yeye ni muuguzi mstaafu, alijifunza Acol (mfumo wa maana za madau tunayotaja mnadani kabla ya kucheza) ujanani na ndiye aliyenifundisha mimi: kopa au shupaza 1 kwa karata nne, bila turufu 1 kwa pointi 12 hadi 14 (A ni 4, K 3, Q 2, J 1), na pau 2 kwa mkono mkubwa kabisa. Tunaelewana vizuri mezani. Kinachonisumbua ni mikono ya pointi 16 hadi 20. Nikifungua kopa 1, shangazi hajui kama nina 11 au 19, na mnada unakwisha tukiwa bado tunaulizana hilo hilo.

Nimesoma kuhusu Precision, ule mfumo wa pau 1 yenye nguvu: ukiwa na pointi 16 au zaidi, karata zako zikae vyovyote, unafungua pau 1. Madau mengine ya kufungua kwenye ngazi ya kwanza yanakuwa ya 11 hadi 15. Shangazi alikubali tuujaribu mtandaoni, na tulikuwa tunaendelea vizuri mpaka ukaja mkono huu.

Mimi: shupaza 6, kopa A K J 8 4, uru A Q 5, pau K Q 7 3.
Shangazi: shupaza J 8 5 2, kopa Q 6, uru K 9 7 4, pau 10 8 5.

Nilifungua pau 1. Mpinzani wa kushoto akaruka shupaza 2. Shangazi akasema pasi, kwa kuwa ana pointi 6 na makubaliano yetu ni kwamba chini ya 8 ni mkono dhaifu. Kulia pasi. Nikataja kopa 3, wote wakapita. Kopa za wapinzani zilikaa 3-3, A ya pau ikawa kulia kwangu, nikala raundi 10. Gemu ya kopa 4, yaani mkataba wa raundi 10 wenye zawadi kubwa, ilikuwepo na hatukuifikia.

Shangazi anasema kwa Acol ningefungua kopa 1, na hata shupaza 2 ikija yeye angekuwa ameshajua aina yangu. Kwa Precision nimetaja pau ambayo si pau, mpinzani amekula nafasi yote, na sisi hatujaambiana chochote. Sina jibu la kumpa. Mashindano ya klabu yetu yanakaribia. Turudi Acol au tuendelee? Na mpinzani akiingilia pau 1 yetu, mwenzangu ajibu nini?

TurufuKuu:

Dada, shangazi yako ameona udhaifu halisi wa mfumo huu, na wachezaji wakubwa duniani wameuona pia. Wengi wakisikia pau 1 yenye nguvu huingia na karata yoyote ile, lengo lao likiwa kuwanyima nyinyi nafasi ya kuzungumza. Lakini mkono wenu ulikwama kwa sababu ya kitu kimoja tu mlichoacha bila kukubaliana.

Mpinzani akinyamaza, jibu la uru 1 linabeba pointi 0 hadi 7 zote pamoja. Hilo halina madhara, kwa sababu aliyefungua bado anaweza kutaja kopa 1 au shupaza 1 kwa bei nafuu na mkaendelea kupanda polepole. Shupaza 2 ikishaingia, ngazi hizo hazipo tena. Sasa ukiacha pasi ibebe 0 hadi 7, aliyefungua na 19 anabaki kubahatisha: kuna pasi ya mtu asiye na kitu, na kuna pasi ya mtu mwenye Q ya kopa na K ya uru.

Gawanyeni 0 hadi 7 vipande viwili. Mpinzani akitaja aina yoyote mpaka shupaza 2, pasi iwe 0 hadi 4 na dabo (tamko ambalo kwa kawaida huongeza adhabu ya mpinzani) iwe 5 hadi 7, bila kujali karata zimekaaje. Mwenye 8 au zaidi na karata tano za aina moja aitaje, na hapo hamsimami kabla ya gemu. Mwenye 8 au zaidi bila karata tano lakini mwenye karata kubwa ya kuzuia aina ya mpinzani ataje bila turufu. Asiyezuia, ataje ile ile aina ya mpinzani.

Rudieni mkono wenu hivyo. Pau 1, shupaza 2, shangazi dabo. Unajua mna 24 hadi 26 kati yenu. Unataja kopa 3. Shangazi anajua una kopa tano au zaidi, yeye ana Q ya kopa na K ya uru, mfupi kwenye kopa lakini Q na K hizo zina kazi. Anapandisha 4. Na siku atakayosema pasi, utataja kopa 3 ukijua kwamba ikibaki hapo, ndipo mahali pake.

Mzee Kadiri:

Binti, marahaba. Nimecheza Acol maisha yangu yote na nitasema ninavyoona. Mkono wa pointi 16 au zaidi unamjia mchezaji takriban mara moja katika kumi. Mnataka kubomoa mfumo mzima ambao shangazi yako anaujua usingizini, kwa ajili ya mkono mmoja kati ya kumi, na tena mkono huo ndio wapinzani watakaoushambulia. Kabla ya mashindano wachezaji wawili wanahitaji kuaminiana kuliko wanavyohitaji mfumo mpya. Acol ina tiba ya mkono wa 19: fungua kopa 1, kisha ruka. Mwanangu, shangazi yako asikilizwe.

KarataYaMwisho:

Shikamoo Mzee Kadiri. Kwa heshima yote, hesabu ya moja katika kumi ndiyo inayonifanya niipende Precision. Faida yake kubwa iko kwenye mikono ile mingine tisa.

Binti_Malindi, fikiria unafungua shupaza 1 kwenye Precision. Shangazi anajua papo hapo una karata tano na pointi 11 hadi 15, basi. Akiwa na pointi 7 zisizooana na shupaza zako, anasema pasi bila wasiwasi, maana 15 na 7 ni 22. Kwa Acol pasi hiyo inatisha, huenda una 19. Akiwa na shupaza nne na pointi 13, anaruka shupaza 4 moja kwa moja. Akiwa na shupaza tano na pointi 4 tu, anaruka shupaza 4 vile vile. Wapinzani hawajui ni ipi. Wakiingia kwenye ile ya kwanza wanatiwa dabo na kulipa, na wakinyamaza kwenye ya pili wamekosa gemu yao wenyewe. Mnada umekwisha kwa madau mawili na hawakusikia lolote la kuwasaidia kuanza kucheza.

Historia inasema hivyo hivyo. Aliyeuunda mfumo huu ni C. C. Wei, mzaliwa wa China aliyekuwa mfanyabiashara wa meli Marekani. Timu ya Taiwan, ambayo wengi hawakuitarajia, ilifika nao fainali ya Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa timu, kule Rio de Janeiro mwaka 1969 na ikashindwa na Italia tu. Mwaka 1970 ikarudi fainali Stockholm. Italia yenyewe ilikuwa na mifumo yake ya pau yenye nguvu kabla ya hapo, na bado mabingwa wake Belladonna na Garozzo wakaichukua Precision wakaipanua. Watu wa kiwango kile wasingebadilisha kwa ajili ya mkono mmoja katika kumi.

Na wazo lenyewe ni la zamani kuliko Wei. Harold Vanderbilt, yule aliyeweka hesabu za briji ya mikataba akiwa safarini melini mwaka 1925, mfumo wake mwenyewe ulianza na pau 1 yenye nguvu.

Mzee Kadiri:

Hoja ya shupaza 4 naikubali, imenipiga mimi mwenyewe mezani zaidi ya mara moja. Lakini mwambieni binti na bei yake. Uru 1 yenu ina nini ndani?

KarataYaMwisho:

Swali la haki, mzee. Bei ipo, na inalipwa kwenye uru.

Pau 1 imeshachukuliwa, kopa na shupaza zinadai karata tano, bila turufu 1 ni 13 hadi 15. Mikono yote iliyobaki lazima iende mahali. Yenye pau sita na 11 hadi 15 inafungua pau 2, dau linalokula nafasi na ambalo mara nyingine linaficha kopa nne au shupaza nne. Yenye uru moja au isiyo na uru kabisa, ikiwa na nne nne za kopa na shupaza, inafungua uru 2, dau la ajabu ambalo mtu huweza kukaa wiki nyingi bila kuliona. Masalia yote yanaingia uru 1: kwa wanaocheza toleo la kisasa inaweza kuwa na uru mbili tu. Wapinzani wakiingilia uru 1 na mwenzako ana uru tano, hajui kama akuunge mkono au anyamaze. Mimi naona hapo ndipo Precision inapopoteza pointi nyingi kuliko hata kwenye pau 1 iliyoingiliwa, na sijawahi kuona tiba kamili.

Kwa hiyo Binti, ukimpelekea shangazi mfumo huu, mpelekee na hilo. Akikubali akijua bei, mtaelewana.

Binti_Malindi:

Asanteni sana wakuu, Mzee Kadiri hasa kwa swali la uru. Nimemsomea shangazi uzi wote. Dabo ya 5 hadi 7 ameipenda mara moja, akasema "hiyo nitaikumbuka." Ameuliza mawili. Mpinzani akitia dabo pau 1 yetu je? Na akiruka juu zaidi, shupaza 3 au 4? Lingine ni langu: tunafanyaje mazoezi? Kwenye Bridge Base Online, tovuti ya kucheza briji, tukiketi na roboti, zina mfumo wao wenyewe.

TurufuKuu:

Dabo juu ya pau 1 msiiogope, haijakula nafasi hata kidogo. Wengi huitumia kuonyesha kopa na shupaza, na bila turufu 1 kuonyesha uru na pau. Kwenu imewaongezea dau: pasi iwe 0 hadi 4, uru 1 iwe 5 hadi 7, mengine yote yabaki kama hakusema kitu. Shangazi atakuwa amekueleza zaidi kuliko kama mpinzani angenyamaza.

Ngazi ya tatu kwenda juu ni jambo jingine. Mkiacha dabo iwe 5 hadi 7 juu ya shupaza 3, utalazimika kutaja aina kwenye ngazi ya nne huku mwenzako ana K moja na Q moja. Kuanzia hapo mimi na mwenzangu dabo yetu ni 8 au zaidi bila aina nzuri ya kutaja, na dhaifu wote wanapita. Mtapoteza gemu moja moja. Hilo haliepukiki, mpinzani aliyeruka vile naye amejiweka hatarini.

Kuhusu roboti ni kweli, haziwezi kufundishwa Precision. Lakini pale pale kuna meza ya mnada ya watu wawili, na unaweza kuagiza mkono mmoja uwe na 16 au zaidi kila mara. Tumieni hiyo kwa majibu ya kawaida. Kwa mazoezi ya kuingiliwa, karata za mkononi ni bora. Mpe shangazi au jichukulie mwenyewe karata 13 zenye pointi 16 na kuendelea, changanya zilizobaki, gawa mikono mitatu. Halafu tafuteni mtu wa tatu, hata asiyejua briji vizuri, kazi yake iwe moja: kila pau 1 ikifunguliwa, ataje kitu. Kopa 1, shupaza 2, dabo, uru 3, chochote. Wenzi wengi wanaoanza Precision hujizoeza mnada mzuri usio na kelele, na mashindanoni hukutana na kelele tupu.

KarataYaMwisho:

Naongeza la sheria, maana linawaponza wapya. Pau 1 yenu si pau, na wapinzani wana haki ya kujua. Mezani, anayetoa tahadhari ni mwenzake aliyetaja dau, si yeye mwenyewe. Mtandaoni ni kinyume: unalieleza dau lako mwenyewe, na mwenzako haoni maelezo hayo. Uru 1 ya karata mbili nayo ielezeni, na dabo ya 5 hadi 7 pia. Zote ziandikwe kwenye kadi ya mfumo kabla hamjaketi.

Mzee Kadiri:

Binti, nimebadili nusu ya maneno yangu. Kama dabo ile shangazi ameipenda, endeleeni. Ila kwa mashindano haya iacheni ile uru 2 ya ajabu. Mkono wa aina hiyo ukija na pointi 11 au 12, semeni pasi. Ukiwa na 13 hadi 15, fungueni uru 1 na muwaeleze wapinzani kwamba yaweza kuwa na uru moja, au isiwe nayo kabisa. Uru 2 itumieni kwa uru sita na mkono dhaifu, kama mnavyofanya kopa 2 na shupaza 2. Shangazi atakuwa na dau moja pungufu la kukumbuka.