Kura za maoni mnaziweka siku ya bamvu halafu mnasema wanawake hawakujitokeza

Asalaam aleykum wakuu. Nina hasira na leo sitozificha. Chama sikitaji wala jimbo silitaji kwa sababu ugonjwa huu hauna chama, ila niko Pemba upande wa Micheweni na haya nimeyaona kwa macho yangu tawini kwetu.

Siku ya kura za maoni, zile za wanachama kumchagua mgombea wa chama, tumeambiwa tufike saa tatu asubuhi. Nani kaipanga saa hiyo? Ilikuwa bamvu, siku za maji makubwa yanayojaa sana na kutoka sana. Mtu yeyote aliezaliwa ukanda wa pwani anajua maji ya bamvu yanatoka asubuhi, saa nne pwani ishakauka, na hapo ndo mama zetu na dada zetu wako kwenye mwani, wanafunga mbegu, wanavuna, wanabeba, maana yakija maji mafu, yasiyotoka sana, hapana kazi tena mpaka bamvu jengine. Mamaangu ana kadi ya chama tokea mie niko skuli ya msingi, mkutano haukosi hata mvua inyeshe, siku ile alikuwa pwani na kamba zake, shangazi zangu vile vile. Wanaume wengine wako dago, kambi za uvuvi, wengine juu ya mikarafuu, na karafuu haikungojei umalize kupiga kura, ikichanua ndo basi ishaharibika.

Sasa nani alokuja? Wamekuja waloletwa. Mgombea mmoja kakodi gari za abiria, kazijaza watu wa upande wa kwao, chai wamekunywa, bahasha wamepewa, na saa mbili na nusu wao washakaa mabenchi ya mbele. Sie tulokwenda kwa miguu yetu tulikuwa wa kuhesabika. Ukumbi nusu mtupu. Msimamizi hakuuliza hata mara moja wenzenu wako wapi, kafungua karatasi, kasoma majina, haya pigeni kura. Kufika adhuhuri mshindi keshatangazwa na vigelegele juu, wanawake wanarudi pwani na mwani kichwani wanauliza kulikoni.

Piga hesabu uone ubaya wake. Chukua mfano tawi lenye wanachama 1,000, waje 200, wagombea wawe sita. Kura zinatawanyika, wa kwanza anaweza kuongoza kwa kura 60 tu. Yaani asilimia 6 ya wanachama ndo imeamua, na kura 60 ni watu wa gari mbili tatu! Wangekuja 800 hizo gari zake zingemfikisha wapi? Ndo maana nasema wakija wachache anaependwa na wengi hana kitu, anapita mwenye uwezo wa kukusanya kikundi chake na kukifikisha mapema. Hela ile ile ambayo ingepotea kwenye watu wengi, kwenye watu wachache inanunua jimbo.

Na msiniambie oh hizi ni za chama tu, uchaguzi wenyewe unakuja. Uchaguzi gani? Nyie mnakijua kisiwa hichi. Mwaka 2010 majimbo yote 18 ya Pemba yalichukuliwa na CUF, yote, hata moja halikutoka. Huku ukishapita kwenye chama chenye jimbo ushakuwa Mwakilishi, kulobaki ni kuapishwa. Nenda Kusini Unguja ni hivo hivo kwa CCM. Kwa hivo mtu wa kutuwakilisha miaka mitano tumechaguliwa na ukumbi ule mtupu, siku ile ya bamvu.

Kuna jambo jengine linaniuma zaidi na watu hawalisemi. Vyama vingi kura za maoni si mwisho, majina yanapanda juu na huko vikao vinaweza kumkata wa kwanza na kumrudisha wa tatu. Haya, mtu akienda juu na kura nyingi za wanachama waliojaa uwanja, nani atathubutu kumkata? Lakini akienda na kura sitini wanamuuliza kura sitini ndo nini, wanamfyeka, na sie hatuna la kusema maana kweli hatukwenda. Kutokwenda kwetu ndo panga lao.

Kuna jamaa barazani kanibishia, kanambia wachache wakija ndo nafasi ya mnyonge, mbona Marekani Juni 2018, kura za maoni za chama cha Democratic kule New York, Alexandria Ocasio-Cortez alimng'oa Joe Crowley, mtu alokuwa bungeni tokea 1999, na kura zote zilopigwa hazikufika 30,000 kwenye jimbo la watu kama laki saba. Ni kweli. Lakini yule alikuwa na watu wa kujitolea wakigonga mlango hadi mlango, na bado wanachama wengi wa chama chake walibaki majumbani na wakaamuliwa. Hata akishinda unaempenda, bado watu wachache wamewaamulia wengi. Leo yako, kesho ya mwenye gari.

Rejista nayo ni balaa. Mna majina ya maiti humo, mna watu walohamia Dar miaka kumi, mna walioko Muscat. Halafu viongozi wanasimama wanasema wanachama hawana mwamko. Mwamko upi, wakati taarifa imetumwa kwenye grupu la WhatsApp usiku wa kuamkia siku yenyewe, na mamaangu hana hata simu ya kuingiza WhatsApp?

Na nyie vijana wenzangu mlokaa maskani siku ile mkicheza keram, hampo pwani, hampo dago, tawi liko hatua mia, nimewapitia nimewaita mkanambia "wanajuana wenyewe hao". Nimewakasirikia na mpaka leo sijapoa. Saivi nyie ndo wa kwanza kumtukana aliyepita.

Ninachotaka ni kitu chepesi. Siku ipangwe kwa kuangalia maji, iwe maji mafu na iwe alasiri. Tangazo lipite kwa kipaza sauti shehia nzima wiki moja kabla. Na matokeo yakibandikwa, pembeni yaandikwe wanachama wangapi wako kwenye rejista na wangapi wamekuja, ili kila mtu aone.

Haya, nyie wa majimbo mengine, kwenu walikuja wangapi, na ilikuwa saa ngapi? Andikeni hapa, majina ya watu msitaje.