Ulaya mwezi wa Januari: watu wawili, yuro 2,400, miji saba. Ratiba hii inawezekana?

MwanaKigamboni:

Wakuu habari zenu. Mimi na mke wangu tunaishi Dar, wote tuna pasipoti za Tanzania. Tunataka kuzunguka Ulaya kuanzia katikati ya Januari, usiku 16. Ukiondoa nauli ya ndege ya kwenda na kurudi tuna yuro 2,400 kwa wote wawili, na humo viza na bima zimo.

Tulivyopanga: London usiku 2, Paris 3, Amsterdam 2, Berlin 2, Prague 2, Vienna 2, Budapest 3. Kati ya miji tulifikiria ndege za bei rahisi. Tuombe viza ubalozi gani? Na nguo za baridi tununue huku au tukifika? Hatujawahi kukaa sehemu yenye nyuzi chini ya 10.

ZiwaNgozi:

Mkuu, anza na viza ndipo uje kwenye ratiba, kwa sababu viza ndiyo itakayoamua ratiba.

London itoe. Uingereza haimo kwenye Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja), kwa hiyo ni viza nyingine, ada nyingine na alama za vidole mara nyingine, yote kwa ajili ya usiku 2. Zinazobaki zote zimo Schengen, viza moja inatosha. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi.

Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Zikilingana, ni ile utakayoingilia kwanza. Kwa ratiba yako Paris na Budapest zina tatu tatu, kwa hiyo ungeangukia Ufaransa kwa sababu tu ndiko unakoanzia. Ukija kubadilisha usiku mmoja baadaye, ubalozi nao unabadilika. Tena si kila nchi ya Schengen inapokea maombi Dar. Nyingine zitakupeleka Nairobi, na alama za vidole lazima uende mwenyewe. Hapo tayari umekula nauli na malazi ya watu wawili kabla hujaiona Ulaya.

Ndiyo maana ningeifanya Ujerumani iwe nchi kuu: ubalozi wake uko hapo hapo Dar. Berlin usiku 5, Dresden 2, Prague 3, Vienna 3, Budapest 3. Jumla ni 16, na Ujerumani ina 7 bila ubishi. Paris na Amsterdam ziache kwa safari nyingine. Hoteli zake ni ghali kuliko hiyo miji mingine yote, na ziko upande wa pili kabisa.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Usisubiri huo mwisho. Majibu kwa kawaida ni siku 15 lakini sheria inawaruhusu kufika 45, na kupata miadi kwenyewe kunachukua muda. Kwa safari ya Januari, tafuta miadi ya Oktoba.

Mambo yanayoangusha watu:

Tarehe kutolingana. Barua ya likizo inasema tarehe 18, bima inaanza 19, hoteli ya kwanza 17. Weka karatasi zote mezani mkae nazo wawili, msome tarehe moja moja kwa sauti. Bima iwe ya yuro 30,000 au zaidi, ifanye kazi nchi zote za Schengen kwa siku zote, na iseme wazi kwamba inalipia matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani.

Fedha iliyoingia ghafla. Akaunti ilikuwa na laki tatu miezi yote, halafu wiki moja kabla ya miadi inaingia milioni nane. Kama ni mkopo wa chama au umeuza kiwanja, ambatanisha hati. Fedha isiyo na maelezo ni mbaya kuliko fedha kidogo.

Tiketi. Weka nafasi tu, usilipe tiketi isiyorudishika kabla ya viza kutoka. Hoteli chukua zile zinazoruhusu kufuta bure, lakini usizifute kabla ya jibu kutoka, maana wanaweza kuhakiki.

Viza ikitoka, kwenye kibandiko soma kisanduku cha idadi ya siku, usiangalie tarehe peke yake. Kwa kawaida tarehe hupewa nafasi ya ziada, lakini siku za kukaa zinabaki zile zile. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa: usiku 16 ni siku 17. Na mfumo mpya wa mipakani ulioanza Oktoba 2025 unahesabu kwa kompyuta badala ya mihuri, kwa hiyo ukizidisha siku moja inaonekana.

ReliKati:

Naunga mkono ratiba ya ZiwaNgozi, na ndege za ndani ziacheni kabisa. Bei ya kwanza unayoiona ni ya mtu na kibegi cha sentimita 40 kwa 30 kwa 20, kinachoingia chini ya kiti. Makoti mawili ya baridi yanakijaza chote. Ukiongeza begi, bei inapanda mara mbili au zaidi. Na kwenye baadhi ya mashirika hayo, asiye na pasipoti ya Ulaya lazima apite kaunta kukaguliwa viza kabla ya kwenda kwenye ukaguzi wa usalama. Ukienda moja kwa moja getini unarudishwa, na ndege haikusubiri. Halafu viwanja viko mbali: kile kinachouzwa kama cha Paris kipo Beauvais, zaidi ya kilomita 80 kutoka mjini.

Tiketi ya ndege ya kutoka Dar nunueni ya kuingilia Berlin na kutokea Budapest. Kuna mashirika yanayofika miji yote miwili kwa kuunganisha Istanbul au Doha, na mara nyingi tiketi ya namna hiyo haizidi sana ile ya kurudi ulikoingilia. Mnaokoa siku nzima na nauli ya kurudi Berlin.

Katikati ni treni tupu: Berlin hadi Dresden kama saa 2, Dresden hadi Prague saa 2 na nusu, Prague hadi Vienna saa 4, Vienna hadi Budapest saa 2 na dakika 40 hivi. Mkinunua mapema, kila kipande huwa kati ya yuro 15 na 25 kwa mtu. Siku ya safari kinaweza kufika mara tatu yake. Treni inayovuka mpaka inauzwa na mashirika ya reli ya nchi zote mbili, na bei hazifanani, kwa hiyo Dresden–Prague angalieni kwa Wajerumani na kwa Wacheki kabla ya kulipa.

Angalizo: ratiba za reli za Ulaya hubadilika usiku wa Jumamosi ya pili ya Desemba. Tiketi za Januari mara nyingine hazionekani hadi Oktoba. Msishtuke mkikuta patupu mwezi wa Agosti.

Tiketi ya bei ya chini ni ya treni hiyo hiyo tu. Ukiikosa kwa uzembe wako imekufa. Treni yenyewe ikichelewa kufika dakika 60, una haki ya kudai asilimia 25 ya nauli, na dakika 120 asilimia 50. Hifadhi tiketi.

Pasipoti ikae mwilini, siyo kwenye sanduku lililo mlangoni mwa behewa. Ni kweli Schengen haina mipaka ya ndani, lakini Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na polisi hupanda treni.

Kutoka Dresden kaeni upande wa kushoto, mkiangalia mbele. Reli inafuata mto Elbe hadi ndani ya Ucheki, mto uko upande huo, na majabali ya mchanga yakiwa na theluji juu yake ni sehemu nzuri kuliko zote kwenye safari hii. Pandeni treni ya asubuhi, jioni mtaona kioo cheusi tu.

MwanaKigamboni:

Aisee, shukrani sana. Tumekubaliana na Ujerumani kuwa nchi kuu. Je, Desemba isingekuwa bora kwa sababu ya masoko ya Krismasi? Na nguo?

BibiWaMtumba:

Masoko ya Desemba ni mazuri kweli. La Dresden lilianza 1434. Lakini vyumba vinapanda bei, na tarehe 24 jioni hadi 26 maduka mengi yanafungwa. Kwa bajeti yenu Januari ndiyo yenyewe: baada ya tarehe 6 bei za vyumba zinashuka kabisa. Na mwanga unaongezeka. Tarehe 21 Desemba jua la Berlin linazama kabla ya saa 10 jioni. Mwisho wa Januari linafika karibu saa 11 kasorobo. Asubuhi bado ni giza hadi saa 2, kwa hiyo ya nje fanyeni kati ya saa 4 na saa 10, makumbusho yaje baada ya hapo.

Nguo: koti nunueni Karume, soko la Ilala. Marobota ya makoti ya baridi yanakuja kila mara na huku wanunuzi ni wachache. Bana kitambaa cha nje mdomoni upulize kwa nguvu. Ukihisi pumzi upande wa pili, upepo nao utapita. Koti la manyoya likunje kwenye ngumi, ukiliachia livimbe upya. Likibaki bapa, manyoya yamekufa. Angalia zipu na urefu: lifunike makalio, maana benchi za stesheni ni baridi.

Viatu vya mtumba mwe navyo makini sana. Vikunje soli kwa mikono miwili. Soli za povu zikikaa miaka ghalani huoza kwa ndani, unatembea navyo siku mbili soli inabaki barabarani. Mkiona ufa au unga, acheni. Na chukueni namba moja juu ya kawaida yenu ili soksi nene iingie. Kiatu kikibana, damu haifiki vidoleni na utaganda hata ukivaa soksi tatu.

Ndani valieni tabaka: fulana ya mikono mirefu ya polista au sufu inayokaa mwilini, sweta la flisi, kisha koti. Pamba iliyogusa ngozi hapana. Inanyonya jasho mkipanda ngazi, mkisimama nje inageuka kitambaa kibichi mgongoni. Hizo fulana za ndani na glavu ndizo za kununua Berlin, Januari kuna punguzo. Fika na kofia, skafu na koti kwenye begi la mkononi, siyo kwenye mzigo.

ZiwaNgozi:

Nyongeza ya hesabu. Chumba cha watu wawili cha yuro 55 kwa usiku 16 ni 880. Chakula yuro 20 kwa mtu kwa siku, kwa siku 16, ni 640. Treni 200, usafiri wa mjini 140, viingilio 160, viza 180, bima 80. Jumla 2,280. Inabaki 120 ya dharura, ni finyu, kwa hiyo kuleni mlo mkubwa mchana. Mikahawa mingi ya Prague, Vienna na Budapest ina menyu ya mchana ya bei ya chini siku za kazi. Maji kunyweni ya bomba. Jumapili maduka ya Ujerumani na Austria hufungwa isipokuwa ya stesheni kubwa, nunueni mkate Jumamosi. Kuba la bunge Berlin ni bure, ila mjiandikishe mapema na kwenda na pasipoti.

Prague wanatumia koruna na Budapest forinti. Mashine ya ATM ikikuuliza kama ikubadilishie kwa fedha ya kwenu, kataa, chagua ya pale. Na Prague ukibadilisha fedha dukani ukagundua umepigwa, sheria yao inakupa saa 3 za kurudi na risiti udai fedha zako, mradi kiasi hakizidi thamani ya yuro 1,000.

MwanaKigamboni:

Swali la mwisho: tukiwa Budapest tukitaka kwenda Belgrade siku moja na kurudi?

ReliKati:

Serbia haimo Schengen. Mkipewa viza ya kuingia mara moja, mkitoka tu imekwisha na ndege yenu iko Budapest. Mkitaka kuongeza mji, ongezeni Bratislava, Slovakia: ni saa moja kwa treni kutoka Vienna, mnaenda asubuhi na kurudi jioni, viza hiyo hiyo na yuro hizo hizo.