Naomba ushauri: Nimepata nafasi ya kujitolea Ujerumani miezi 12, lakini nyumbani wanahesabu mabati

Binti Tandahimba:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Nina umri wa miaka 23, ninaishi Mtwara mjini, na kwa miaka miwili nimejitolea katika kituo cha watoto wenye ulemavu. Sasa nimechaguliwa kwenda Ujerumani kupitia weltwärts, mpango wa serikali yao ulioanza mwaka 2008 kwa ajili ya vijana wa kwao, ambao baadaye ulianza kupokea pia vijana wa nchi kama yetu. Nitahudumu katika nyumba ya wazee. Malazi, chakula, bima na nauli vinagharamiwa; mkononi nitapata posho ndogo ya kujikimu, wala si mshahara.

Hapo ndipo penye tatizo. Mama amekwisha kuwatangazia majirani kwamba nimepata kazi Ulaya, na mjomba amepanda juu, akapima paa, akaniletea idadi ya mabati. Isitoshe, mimi ndiye ninayesimamia vibarua wakati wa kuokota korosho, na baada ya mnada ndiye ninayemsomea mama ujumbe wa malipo unapoingia kwenye simu. Je, nimweleze vipi bila kuonekana ninawanyima, au niiache nafasi hii?

Mzee wa Mikindani:
Marahaba, mwanangu. Kwanza nijibu: kuna mtu amekuomba fedha? Kijana wa ndugu yangu alitozwa laki nane na mtu aliyejiita wakala, na mwaliko aliouahidi haujafika hadi leo. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000, nayo hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number), haipiti mkononi mwa mtu.

Binti Tandahimba:
Hapana, mzee wangu, sijaombwa hata senti.

Aliyerudi Newala:
Dada, mimi nilikwenda kwa mpango huohuo, na kosa langu kubwa lilikuwa kunyamaza, kwa kuwa nilidhani nikifika nitajibana na kitu kitapatikana. Posho ilitosha vocha, sabuni, nauli za matembezi na koti la pili, kwa sababu la kwanza nililonunua mnadani huku halikufua dafu mbele ya baridi ya Januari. Mwezi wa tatu nyumbani waliomba saruji. Nikatuma, kisha nikaazima fedha kwa wenzangu, jambo ambalo hadi leo linanitia haya.

Kazi yenyewe sijutii. Asubuhi niliandaa kifungua kinywa, na palikuwa na bibi mmoja aliyetaka siagi ifike hadi kwenye pembe zote nne za mkate. Pembe moja ikibaki kavu, anairudisha sahani bila kutamka neno. Kijerumani nilikipata kwake kuliko darasani. Ndani ya mwaka kuna pia siku 25 za semina, na huko ndiko unakoweza kusema wazi iwapo unabebeshwa kazi za wauguzi, hivyo usizikose.

Ushauri wangu ni kwamba uende na mkataba nyumbani, uusome mbele ya mjomba, kwa Kimakonde ikibidi, na uitaje posho kwa shilingi.

Mkulima Nachingwea:
Mimi sikubaliani moja kwa moja na waliotangulia. Uzoefu ni jambo jema, lakini haununui salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Mnada wa korosho huanza Oktoba, kwa hiyo kabla hujasaini, mpate mtu mwaminifu wa kushika nafasi yako shambani, tena mama amkubali mwenyewe. Na anayekuambia kwamba ukishafika utabaki kusomea uuguzi, usimpangie maisha yako: mafunzo hayo huchukua miaka mitatu, yanadai Kijerumani cha kutosha, nawe unakwenda kwa makubaliano ya kurudi.

Binti Tandahimba:
Nawashukuru nyote. Nimeamua kwenda, mama akiridhia. Jumamosi nitapanda gari la Tandahimba nikiwa na mkataba. Posho nimeigeuza shilingi na kuiandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Shamba atalisimamia mama mdogo. Kusoma ujumbe wa malipo nimemfundisha mdogo wangu wa darasa la sita, naye ameshaniuliza atalipwa shilingi ngapi kwa kila ujumbe.