Tupeane uzoefu: kutembea mikokoni na kuangalia ndege na viboko, Mtwara na Lindi

Mgeni wa Shangani
Wakuu habari za jioni. Nina mwaka na ushee hapa Mtwara mjini, kazi ndiyo iliyonileta. Mwanzoni Jumamosi zangu zote ziliishia ufukweni na sahani ya pweza. Kisha jirani yangu, mzee mstaafu, akaniazima darubini yake, na tangu hapo siku za mapumziko mnitafute topeni.

Mwezi uliopita nilikwenda Msimbati. Maji yalikuwa yanapwa, nikaona kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kuliko unavyotegemea kwa ndege wa umbo lile. Mmoja alidaka kaa, akampigapiga chini hadi miguu ikakatika, ndipo akameza kiwiliwili. Nilisimama pale nusu saa na jua la utosi. Ni ndege gani huyo? Na nyie wenyeji mnatembea wapi, saa ngapi, na yapi yamewakuta? Tupeane uzoefu.

Binti Mikindani
Karibu kwetu. Marehemu bibi yangu hakuwa na jina la pekee la ndege huyo, kila kinachokimbia topeni kwake kilikuwa kitwitwi. Ila saa zao alizijua kuliko mimi na simu yangu.

Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, siku hiyo na mbili tatu za mbele ni bamvua. Maji yanakupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa pomoni mnamo saa kumi jioni. Wageni huja saa nne wakidhani tope likiwa wazi ndipo watawaona ndege vizuri. Wapi! Saa nne ndege wako kule mbali, vidoa tu. Njoo saa saba, kaa ukingoni, nyamaza. Maji yakipanda yanawasogeza kidogo kidogo mpaka huhitaji hata hiyo darubini ya mzee. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, tope halifunuki vya kutosha, mimi hubaki nyumbani nikafua.

Halafu usivae raba. Nimezaliwa hapa na bado tope lilinimeza mwaka juzi. Nilikwenda na shemeji yangu wa Dodoma, nikajifanya mjuzi, nikakata katikati badala ya kufuata penye mizizi. Mguu wa kulia ukazama hadi gotini, nikauvuta ukatoka bila kiatu. Wa kushoto hivyo hivyo. Nageuka, maji yameshaanza kuingia kwenye mkondo tuliouvuka. Mama mmoja aliyekuwa anaokota tondo, wale konokono wa mikokoni, alicheka kwanza, akacheka mpaka akaweka kikapu chini, ndipo akatuambia tulale kifudifudi tutambae. Shemeji na suruali yake ya kitambaa! Viatu viko kule mpaka leo.

Boda wa Kilambo
😂😂 Shemeji amerudi tena Mtwara?

Binti Mikindani
Anapiga simu sikukuu tu.

Boda wa Kilambo
Sasa sikilizeni ya kwangu. Mimi hupeleka abiria hadi Kilambo, wanaovuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Alfajiri moja abiria akaomba kushuka, tumbo limemvuruga. Akaingia kwenye matete kwa kijinjia kilichokuwa tayari. Mimi namulika kwa taa ya pikipiki, naona njia yenyewe ina mifereji miwili na tuta la nyasi katikati, kama gari limepita. Nikawaza, gari gani lipite kwenye matete? Nikakumbuka maneno ya baba: kiboko miguu yake imeachana, kwa hiyo akipita kila siku anachimba mistari miwili na kuacha tuta katikati.

Nikaita kwa sauti ya chini, ile ya kuita mtu huku hutaki mwingine asikie. Akatoka anafunga mkanda. Tulipofika kama hatua hamsini tukasikia matete yanavunjika nyuma yetu, kisha maji: *pwaa*.

Usiku anapanda kula nyasi, alfajiri anarudi mtoni. Ukisimama kwenye njia yake saa hiyo, umemzibia mlango wa nyumbani. Tangu siku ile mtu akiniambia anataka kuona viboko, namwambia twende jua likiwa limepanda, na utawatazama kutoka juu ukingoni. Na mamba wapo, msichote maji ovyo.

Mwalimu wa Baiolojia
Mgeni, huyo ndege kitaalamu ni *Dromas ardeola*. Kituko chake hakipo kwenye ulaji. Huchimba shimo kwenye mchanga na kutaga humo, kwa kawaida yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Lakini hatagi kwetu. Anazaliana huko Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia, huku anakuja kula. Kwa hiyo msimu mzuri ni kuanzia Agosti hivi hadi Aprili.

Ulipokuwa ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, lipa na udai risiti.

Mjukuu wa Kitunda
Hapo kwenye risiti, asante mwalimu. Kuna kijana aliwahi kunichaji "ada ya mikoko" mahali ambapo mjomba wangu anapita kila siku na mtumbwi wake. Risiti sikuiona, na kijana mwenyewe sikumwona tena.

Sisi wa Lindi tuna mdomo wa Lukuledi. Vuka kwa kivuko hadi Kitunda, tafuta mzee mwenye mtumbwi, ingia nao mikokoni maji yakiwa yanajaa. Mjomba alinifundisha kuisoma miti kwa mizizi. Mkoko unasimama kwenye matao kama buibui, na mbegu yake inaota ikiwa bado mtini, inaning'inia kama kalamu ya kijani. Mchu unatoa vijiti vinavyochomoza topeni kama misumari. Vijiti hivyo ndivyo mti unavyopumulia, kwa hiyo tafadhali msivikanyage. Mwenye nauli aende Kilwa, mikoko na visiwa vyake vimo kwenye eneo la Ramsar, yaani ardhioevu inayotambuliwa kimataifa, la Rufiji-Mafia-Kilwa, tangu 2004.

Mgeni wa Shangani
Nimetazama kalenda, mwezi unaandama Alhamisi. Jumamosi saa sita na nusu nitakuwa Mikindani, peku. Binti Mikindani, yule mama wa tondo kama bado yupo, mwambie asianze kucheka kabla sijaingia.