Tupeane uzoefu: tangu tuanze kupatikana muda wote, umepata nini na umepoteza nini?

Mwenye uzi
Wakuu, habari za wakati huu. SMS ya kwanza ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992, salamu fupi tu ya Krismasi. Leo mtu akikaa saa nzima bila kujibu, anaulizwa kama anaumwa. Leteni visa vyenu wenyewe, hotuba za "vijana wa siku hizi" tumeshazisikia.

Naanza. Kwangu kilichokufa ni miadi. Zamani mkikubaliana saa kumi, mnakutana saa kumi, maana ukichelewa huna pa kumwarifu mwenzako, naye akichoka kusubiri anajiondokea. Siku hizi saa kumi ndiyo saa ya kuanza kupigiana simu. "Niko njiani," na maji ya bafuni nayasikia yakimwagika. Rafiki yangu mmoja sasa namwambia anitumie alipo kwenye ramani, ndipo nivae viatu.

Mikono Inasema
Mimi ni kiziwi, kwa hiyo hayo ya miadi niwaachie wenyewe. Kabla ya SMS simu ilikuwa chombo cha watu wengine. Nikitaka kuulizia kazi au kumwambia daktari sitafika, dada yangu ndiye alinipigia, hivyo siri zangu zote alikuwa nazo, hadi za uchumba. Herufi 160 za ujumbe mmoja zilitosha kumtoa dada katikati. Zikaja simu za video, nikaanza kuongea kwa lugha yangu ya alama na watu walio mbali. Karaha yake ni kwamba mtandao ukizorota picha inaganda, na mkono unabaki hewani sentensi haijaisha. Pia lazima utafute pa kuiegemeza simu, kwa mkono mmoja hatuelewani. Lakini kurudi nyuma, sirudi ng'o.

Nitajibu Kesho
Tiki za bluu jamani! Tangu WhatsApp izilete Novemba 2014 sina raha. Nilisoma ujumbe wa shemeji usiku, nikasema nitajibu asubuhi nikiwa nimetulia. Kulipokucha kesi ilikuwa imeshafika kwa mama mkwe: amesoma, kanyamaza. Nimezizima, ila kwenye magurupu hazizimiki, na wewe ukizima huoni za wenzako. Enzi za barua ungeweza kuwaza wiki nzima na hakuna aliyejua kama imefika.

Sikio Kali
Mikono Inasema, umenigusa. Wewe ulipigiwa na dada, mimi sioni, na mdogo wangu ndiye alinisomea ujumbe, tena akiruka asichotaka nijue! Mwaka 2009 iPhone ilianza kusoma skrini kwa sauti, na Android nayo mwaka huohuo. Nilipopata simu ya namna hiyo nikaanza kusoma vya kwangu mwenyewe, na mdogo wangu akapungukiwa na madaraka.

Ombi langu moja: tangazo la msiba msilitume kama picha tupu. Simu yangu inasema "picha", basi. Nani kafariki, mazishi lini, sijui. Nyingine siku hizi zinajaribu kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, lakini yakipambwa maua na rangi zinababaika. Andikeni mstari mmoja chini yake. Au tumeni sauti, mimi sauti nazipenda.

Mpita Njia
Sikio Kali, kwa heshima yako nitaacha kulalamikia sauti. Ila anayetuma ya dakika saba na mbili za mwanzo ni "mmh, yaani, unajua", huyo kesi yetu iko palepale.

Zamu ya Usiku
Kwangu ni kazi. Jumamosi usiku gurupu la ofisi linalia: "samahani kwa usumbufu". Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inataka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Sisi hatuna sheria hiyo, tulipatana wenyewe kwa wenyewe: ujumbe wa baada ya saa mbili usiku haujibiwi hadi asubuhi. Bosi alinuna, kisha akagundua barua pepe inaweza kupangiwa saa ya kutoka. Sasa saa mbili kamili asubuhi zinamiminika zote alizoandika usiku kucha.